Pingamizi la Dume la Ndoo Kuhusu Homoni ya Mferejini

Idara ya Kuchanganya Chakula,
Kituo cha Vifaranga vya Samaki.
Jumanne asubuhi.

Kwa Afisa wa Mazingira ya Pwani.

Ndugu Afisa,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KUFUNGWA KWA MFEREJI WETU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote wa ofisini, na kwamba ile feni yenu iliyokuwa ikilia nayo imepona.

Mimi ndiye mkuu wa kuchanganya chakula katika kituo hiki. Idara yangu ina watu wawili, nikijihesabu mara mbili. Kazi yangu ni kutia homoni ya kiume kwenye chakula cha vifaranga ili wote wakue wakiwa madume, kwa sababu samaki dume hunenepa upesi, na jike hupoteza muda kwa mambo ya mayai. Maji ya matangi hutoka kwa mfereji hadi kwenye ghuba, na katika ghuba hiyo hiyo mama mkwe wangu hufuga chaza kwenye kamba.

Mwezi uliopita ofisi yako ilituletea binti mmoja mwenye kreti ya chupa. Alichota maji, akapasua chaza, akashukuru, akaondoka. Sasa kuna notisi getini: homoni imekutwa baharini, chaza wa kike wamepungua, mayai ni machache, na mfereji utafungwa mpaka tuchimbe bwawa la kuyazuia maji na kuyasafisha. Meneja amesema bwawa hilo likichimbwa litachimbwa kwa fedha za idara yangu, nami nitarudi kufagia matangi. Cheo hiki ndicho cha kwanza kupewa maishani, na sioni dalili ya kingine. Notisi inaruhusu pingamizi. Langu ni hili.

Homoni hiyo haifanyi kazi. Ushahidi ni mimi. Nimekuwa nayo miaka tisa, kutwa nzima, chumba kimoja. Ingekuwa na uwezo hata kidogo wa kumpa kiumbe udume, ingeanza na mimi niliye jirani. Naomba unikague kama ifuatavyo:

1. Ndevu. Nina ndevu za kutosha upande wa kushoto wa kidevu. Upande wa kulia bado tunasubiri. Kinyozi hunitoza nusu bei, akisema anamwogopa Mungu.

2. Sauti. Watu wakinipigia simu husema, "Shikamoo mama, baba yupo?" Zamani nilikuwa nikikasirika. Siku hizi hujibu kwamba ametoka, na kusema kweli ziko simu nyingi ambazo ni afadhali awe ametoka.

3. Ujasiri. Shajara yangu ya tarehe 9 mwezi uliopita inasema: "Kaa ameingia stoo. Nimechukua hatua." Hatua yenyewe ilikuwa kupanda juu ya magunia. Mama mkwe alikuwa amekuja siku hiyo kulalamikia maji. Akamshika yule kaa kwa nyuma, kwa vidole viwili, akamtupa nje, kisha akaniambia taratibu, "Shuka, baba, ameshakwenda." Upole ule ndio ulioniuma. Angenicheka ningepona. Wenzangu walicheka kwa niaba yake, na tangu hapo jina langu kazini, kwa ajili ya ndoo ninazochanganyia chakula, ni Dume la Ndoo.

4. Nguvu. Mtungi wa gesi nyumbani hubebwa na mke wangu. Mimi hutangulia kufungua milango.

5. Mamlaka. Notisi ilipotoka niliitisha kikao cha familia, yaani mke wangu na mabinti zetu wanne (idadi hiyo na jinsia yake naomba ziingie kwenye kumbukumbu). Nilisimama, nikapiga meza, nikatangaza kwamba habari ya mfereji isizungumzwe tena ndani ya nyumba hii. Kitinda mimba akasema, "Rudia, baba, hatukusikia, mama alikuwa anakaanga." Nikarudia. Mke wangu akageuza vilivyomo kikaangoni, akasema, "Haya, baba watoto, tumekusikia. Sasa tuzungumze habari ya mfereji."

Wakazungumza mpaka chakula kikapoa. Mke wangu akasema kamba zile ndizo zilizomsomesha, na kwamba mama yake hana shamba, hana pensheni, ana ghuba tu. "Chaza wakiisha mama ataishi kwa nini? Kwa mwandiko wako?" Nilitaka kujibu, lakini mwandiko wangu kweli ni mzuri, nikakosa pa kuanzia.

6. Mama mkwe mwenyewe. Inadaiwa kwamba chaza wake wamepungua. Ni kweli kuwa kamba alizokuwa akiinua kwa kusaidiwa na watu wawili, msimu huu anaziinua peke yake kwa mkono mmoja. Lakini nani amethibitisha kwamba kamba ndizo zilizokuwa nyepesi? Huenda mama ndiye aliyeongezeka nguvu. Ni kweli pia kwamba juzi nilimkuta ameketi na kamba tupu mapajani, anafungua fundo moja baada ya jingine, na nilipomwamkia hakuitikia. Hilo sijui niliweke chini ya hoja ipi, kwa hiyo nimeliacha hapo.

Utaniuliza: ikiwa homoni haifanyi kazi, mbona vifaranga wenu huwa madume wote? Ndugu Afisa, ni malezi. Kila asubuhi wananitazama kupitia kioo cha tangi, wanaona hali ilivyo, wanaamua kujitolea.

Na ikiwa mtu mwenye kidato cha nne na cheti chake ameishi na kitu hicho miaka tisa asipate hata nusu ya pili ya ndevu, iweje kimguse chaza, kiumbe asiye na miguu wala kichwa, tena aliye mbali, tena aliyemo ndani ya gamba? Kimeniruka mimi niliye mlangoni, kikaenda kuogelea kumtafuta asiyekihitaji? Akili inakataa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, notisi ibanduliwe.

Pili, nipewe cheti chenye mhuri kinachonitambua kuwa kipimo rasmi cha usalama wa maji ya pwani. Kituo chochote kikishukiwa, nipelekwe, nisimamishwe karibu na mfereji wake, nitazamwe. Nikibaki nilivyo, maji ni salama.

Tatu, kama ofisi yako itashikilia kwamba homoni inafanya kazi, basi inieleze ilipitaje mbele yangu miaka yote hiyo bila hata kubisha hodi. Na udume wote uliokutwa ndani ya chaza ukusanywe, urudishwe kwangu. Kwenye foleni mimi nilitangulia.

Nisalimie wote ofisini: binti wa chupa, dereva wake aliyegoma kushuka garini kwa sababu ya harufu yetu, karani atakayeipokea barua hii, na yeyote atakayeisoma kwa sauti wakati wa chai. Huyo wa mwisho naomba asiniigize.

Wako mtiifu, kama nilivyo mtiifu kwa kila mtu,

Mkuu wa Kuchanganya Chakula.

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakucheka. Ameniuliza tu, "Kwani hiyo homoni unaishikaje?" Nikamweleza, kwa fahari, kwamba mimi si mtu wa kubahatisha: glavu mpaka viwikoni, barakoa, aproni ya plastiki, mabuti, kisha sabuni mara mbili kabla ya kugusa hata kitasa, maana kopo lina picha ya fuvu, na onyo lake nimelitafsiri mwenyewe nikalibandika ukutani kwa herufi kubwa. Akanirudishia barua, akasema, "Na chaza wa mama wanavaa nini?"

Nimetafuta jibu hadi jioni. Hoja zote sita naziondoa, pamoja na cheti. Naituma barua hii kwa sababu ndiyo inayoeleza mfereji unamwaga wapi, na kwa nani. Lango lake nimeshalifunga kwa mikono yangu. Matangi yanaweza kushikilia maji kwa juma moja, hayazidi hapo, basi leteni amri yenu upesi. Na Meneja akiuliza ni nani aliyelifunga, tafadhali semeni ni ninyi.