Pete ya Korongo na Konvata Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Konvata imefika! Kipande kifupi kama kopo la maziwa. Unakibana kati ya kamera na lenzi, na ndege aliye ng'ambo ya bwawa anavutwa mara mbili. Imefika siku yake. Jioni, kwenye kikao cha chama chetu cha wapenda ndege, Mama Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado anatuona wanafunzi, alitangaza kwamba baraza la mji linaamua Ijumaa saa nne asubuhi: bwawa lifukiwe pawe maegesho ya malori, au libaki. Silaha tunayo moja tu. Korongo mmoja ana pete mguuni. Tukisoma namba yake, ofisi ya waweka pete, wanaofuatilia ndege kwa namba hizo, itathibitisha ametoka mbali, na sheria inalinda maji anayotua. Bila namba, tumekwisha.

Daktari wa Meno, mwanachama mwenzangu, akanyanyua mkono. Kama kawaida yake! Nikanyanyua wangu juu zaidi. Nikaahidi namba keshokutwa. Makofi. Daktari akaniuliza, kwa sauti ile ya kuuliza jino lipi linauma, kama najua konvata hula mwanga. Nikamwambia yangu haili.

Jumanne, 4 Machi

Inakula.

Studio yangu ya picha za pasipoti sikuifungua kabisa. Korongo alikuwa kwenye kisiwa katikati ya bwawa, kasimama kwa mguu mmoja. Wenye pete kaukunja! Saa mbili nzima. Aliposhusha, nikabonyeza. Giza. Nikaongeza mwanga, picha zikatetemeka. Lenzi inanguruma, inakwenda mbele, inarudi nyuma, haikamati kitu. Kisha jua likapanda na hewa ikaanza kucheza juu ya maji. Picha mia mbili na kumi. Moja ina kitu kama pete, na juu yake kitu kama namba. Au tope.

Mke wangu, fundi cherehani, akasema anaona ukungu. Akauliza kwa nini nisikitoe hicho kidude nikasogea karibu. Nikamweleza kwamba haya si mambo ya kupima kwa futi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeikodolea ile picha mpaka machozi yametoka. Tatu, au nane. Saba, au moja. Saa tisa Mama Mwenyekiti akapiga simu kuuliza. Nyuma yake nikasikia Daktari wa Meno akikohoa. Kikohozi kile! Mdomo ukanitangulia: "Imepatikana, Mama. Tatu, saba, tisa, K."

 Kisha nikamsikia akilia kwa furaha, mama yule ambaye hata kutabasamu hutabasamu kwa ratiba. Niliposhusha simu niliitazama tena ile picha. Nikajiliwaza kwamba ile tatu niliiona. Karibu niione.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya waweka pete imejibu. Pete hiyo ni ya bundi. Bundi mwenyewe alikufa miaka sita iliyopita.

Jioni, kikaoni, Mama Mwenyekiti hakufoka. Afadhali angefoka! Alisema polepole kwamba namba ameshaipeleka barazani kwa maandishi, kwa sahihi yake, na kesho atasimama mbele ya watu na bundi marehemu. Halafu akaniuliza: "Mwanangu, uliiona au hukuiona?"

Nikasema konvata iliiona.

Daktari wa Meno hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akajitolea kuja asubuhi na darubini yake. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nikakubali huku nimeuma meno. Akanionya kwamba kuuma meno kunayamaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na mbili niko kwenye tope, kifudifudi, konvata mahali pake. Daktari nyuma ya matete, analalamika jua limemwelekea machoni. Korongo kisiwani, katupa mgongo. Saa moja. Saa mbili. Moyo unapiga kama cherehani ya mke wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika na suruali kavu. Akasimama ukingoni.

Korongo akaruka. Akatua hatua tatu kutoka puani kwangu! Pete ile pale! Nikabonyeza. Ukungu. Lenzi yangu haioni kitu kilicho ndani ya hatua tano. Nikarudi nyuma kwa tumbo, akanifuata. Nikarudi tena, akanifuata tena, ananichunguza kama mdudu asiyemjua. Tope mpaka masikioni.

Mke wangu, ambaye hutunga uzi sindanoni bila miwani, akasoma kama anasoma kibao cha duka: "Nne, sifuri, sita, P."

Daktari akaandika, akaipigia simu ofisi ya waweka pete. Wakasema tungoje. Tukangoja. Saa tatu na nusu. Saa nne kasoro kumi, simu ikalia: korongo, amevishwa pete akiwa kinda, mbali sana kaskazini, miaka kumi na moja iliyopita. Tulikimbia.

Barazani Mama Mwenyekiti aliomba radhi kwanza kwa namba ya awali. Akasema kosa ni lake, hakuhakiki. Hakunitaja. Nilikaa nyuma kabisa, tope linakauka kwenye nyusi, natamani sakafu inimeze. Ndipo akaisoma ya kweli. Kura saba kwa tano. Bwawa limebaki!

Akampa mke wangu mkono. Akampa Daktari. Wangu akautazama, akaniambia nikanawe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimelijua. Nguvu ilikuwa ndogo. Fundi kamera anayo konvata nyingine. Ukiziunganisha mbili, ndege anavutwa mara nne. Nilimwuliza kama itafanya kazi. Akasema hajaona mwenye akili timamu aliyejaribu. Ndiyo maana hakuna aliyefaulu!

Nimemwandikia Mama Mwenyekiti kwamba kuna ndege mwingine, mnandi, mwenye pete ng'ambo ya mbali kabisa, na kwamba Jumatatu nitampiga picha. Namba nimempelekea leo, kuokoa muda.