Ndoo Moja ya Maganda

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Mwali wa buluu, urefu wa kidole, jikoni kwangu. Hakuna mkaa, hakuna moshi. Fundi wa gesi ya samadi aliuwasha mwenyewe, nikapiga makofi peke yangu.

Mke wangu aliondoka miaka miwili iliyopita kwenda kumsaidia binti yetu kulea mtoto. Wiki mbili tu, alisema. Nikimpigia kumwomba arudi, hujibu kwamba moshi wa jiko letu unamkaba kifua. Haya, moshi uko wapi sasa? Anakuja Jumapili kujionea. Nimefua pazia.

Tatizo moja dogo. Mtambo uliofukiwa uani, unaotengeneza gesi, hula ndoo nzima ya maganda na makombo kila siku, na mradi unaoutoa huupeleka kwa familia kubwa tu. Fundi aliponiuliza tuko wangapi nilijibu sita. Ijumaa anarudi kukagua. Akiukuta na njaa, anauhamishia nyumba nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Maganda yangu ya siku nzima: kikombe kimoja, tena hakikujaa. Nimeamua kula kwa niaba ya watu sita. Viazi kumi na vinne, ndizi tisa, nusu boga. Kwenye boga nilijikaza kisabuni. Ndoo haikufika hata robo. Gesi yote iko tumboni mwangu, mtambo hauna kitu. Mchana kutwa nimelala sakafuni, naitazama meza yenye viti sita.

Jumatano, 5 Machi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimezunguka mtaa mzima na ndoo. Bwana Paa, jirani mwenye paneli nne za sola juu ya paa lake, alikuwa kwenye ngazi akizipangusa kwa kitambaa laini, kama afanyavyo kila asubuhi ili nimwone. Alisema jua halijawahi kumwomba maganda. Kisha akaniambia nipande nione zinavyofanya kazi, tushuke tunywe chai. Mtego huo! Nilikataa.

Muuza mboga wa kona alinijazia ndoo bila kinyongo. Akasema sura yangu imechoka, nikae kidogo tuongee. Mwenye mtambo hana muda wa kukaa.

Alhamisi, 6 Machi

Mwali umepungua, sasa ni kama ukucha. Nimeushindilia mtambo kila nilichopata: maganda ya machungwa na malimau kutoka kwa muuza juisi, uji uliochacha, maji ya vyombo yenye sabuni. Fundi alikataza malimau na sabuni, lakini mafundi nao hupenda kutisha watu.

Hila ya kesho: familia ya kuazima! Muuza mboga amekubali kuja na dada yake na mama yao. Mshona viatu pia. Alibaki mtu mmoja. Nikameza fahari, nikaenda kwa Bwana Paa. Amekubali, kwa sharti awe kaka yangu mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Walifika wote kabla ya fundi. Vikombe havikutosha, mama wa muuza mboga, ndiye bibi yetu wa kuazima, akanywea bakuli. Bwana Paa alinikaripia mbele za watu kama kaka wa damu. Mshona viatu alikaza mguu wa kiti uliokuwa umelegea tangu mwaka juzi, bila kuombwa. Tulicheka mpaka nikasahau walichojia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niseme kweli, nilipona.

Kisha fundi akawasha jiko. Kimya. Akafunua mtambo, akanusa, akatoa ganda la limau kwa vidole viwili. Akasema vijidudu vinavyotengeneza gesi nimeviua vyote, na Jumatatu anakuja kuuchukua. Akauliza pia inakuwaje bibi wa nyumba hii haijui njia ya kwenda chooni.

Walipoaga, muuza mboga aliniambia Jumatatu jioni wanakula pamoja kwake, nisikose.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja. Amependeza. Sikumwambia. Nilimpeleka moja kwa moja jikoni nimweleze habari za vijidudu na mabomba. Alisimama na mkoba begani. Akaona vikombe vyote vimeoshwa vimepangwa, akauliza ni akina nani walikuja. Nikajibu ni watu wa ukaguzi, nikaendelea na mabomba.

Akavuta kiti, akakaa. Akasema hakuondoka kwa sababu ya moshi. Miaka thelathini nimemweleza mambo ya taa, betri na feni za upepo, na hakuna siku niliyomuuliza ameshindaje. Moshi aliutaja kwa kuwa alijua ndilo jambo pekee nitakalolisikia.

Aliondoka na basi la saa tisa. Kiti chake bado kimevutwa nje ya meza. Sijakirudisha. Nina upweke. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 10 Machi

Wamechukua mtambo. Limebaki shimo. Nimeyatafakari sana maneno ya mke wangu na sasa kosa langu nimeliona. Sola! Sola haili, hainuki, haihesabu watu. Ningeanza na sola, leo angekuwa hapa.

Muuza mboga ametuma salamu kwamba chakula kiko tayari, wananisubiri mimi tu. Nimemjibu nina kazi, napima paa.

Nikiwa huko juu nimempigia mke wangu. Nimemweleza robo saa nzima: paneli ngapi, mwelekeo wa paa, nyaya. Alinyamaza kabisa, ananisikiliza kuliko wakati wowote wa ndoa yetu. Nikafurahi. Kisha nikaitazama simu. Ilikuwa imekatika dakika ya kwanza tu, nilipotaja paneli.

Mtandao wa huku ni mbovu sana. Kesho nitampigia tena, nianze na betri.