Shamba la Bangi Nililoligundua Msituni

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, ilhali nilikuwa nimevaa sweta, koti na gambuti. Acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana watu wa Embu washapiga picha.

Mnajua mimi ni mtu wa agrovet pale Gakoromone. Nauza mbegu, mbolea na dawa ya minyoo ya ng'ombe. Lakini moyo wangu uko msituni. Kikundi chetu cha kulinda msitu kimefungua njia ya kutembea hadi kwenye maporomoko, na kilikuwa kinatafuta mtu wa kuongoza wageni kila Jumamosi. Hiyo nafasi niliitaka vibaya sana. Niliinunulia hata kofia! Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Kanyua, mama aliyestaafu ualimu lakini hajastaafu ukali. Juzi akaniita.

"Mutwiri, Jumamosi utapeleka wageni wa kanisa kutoka Embu. Ukiwarudisha wakiwa wazima, na wakiwa wamejifunza kitu, kazi ni yako."

"Mwalimu, hiyo niachie mimi," nikamjibu.

Saa tatu asubuhi wakafika, watu kumi na wawili wa kwaya. Mkubwa wao alikuwa Mama Wawira, mama mpole mwenye fimbo ya kutembelea na chupa ya chai kwapani. Nikaanza kazi. Jamani, niliongea! Niliwaeleza ndege. Niliwaeleza mto unaanzia wapi. Niliwaeleza vile mtu akikata miti huku juu, mifereji inakauka kule chini Kanyakine. Mti ambao sikuujua jina nilisema, "Huu ni dawa ya tumbo," tukapita. (Hakuna mtu hubishana na dawa ya tumbo.)

Tulipokaribia maporomoko, Mama Wawira akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali pa kujisaidia. Nikamwonyesha kichaka. Akaenda, akarudi haraka kuliko alivyoenda.

"Kiongozi, huko nyuma kuna shamba la mtu."

"Shamba? Huu ni msitu wa serikali, mama. Hakuna shamba hapa."

"Njoo uone."

Tukaenda wote. Nyuma ya kichaka palikuwa na uwazi mdogo kando ya kijito. Mimea imepandwa kwa mistari. Imewekewa majani makavu chini ili udongo usikauke. Imenyweshwa maji, udongo bado una unyevu! Urefu wake ni wa goti, na kila jani limegawanyika mara tano, kama vidole vya mkono.

Tano! Jani la vidole nimeliona kwenye fulana za vijana, kwenye kofia, kwenye vizuia matope vya pikipiki. Na hapa limefichwa msituni, karibu na maji, kwa mistari. Nikajumlisha, nikapata bangi.

Haki nilifurahi. Siku yangu ya kwanza kazini na tayari nimeshika wahalifu! Nikainua mkono, nikatoa sauti ambayo hata mimi sijui ilitoka wapi. "Ndugu zangu, tulieni. Mtu asiguse kitu. Hii ni bangi. Haya sasa ni mambo ya serikali."

Njeru, anayeimba besi kwenye kwaya yao, akainama, akaangalia jani, akakunja uso. "Lakini hii si yenyewe. Ile ina majani membamba, halafu yana meno pembeni."

Kwaya nzima ikamgeukia.

"Na wewe umejuaje?" mmoja akauliza.

"Nimesikia tu," Njeru akasema, akajificha nyuma ya wenzake. (Mtu pekee aliyekuwa na ujuzi, na ujuzi wenyewe hauwezi kuonyeshwa kanisani.)

Nikampigia Mwalimu Kanyua, simu haikushika. Nikampigia chifu. Chifu akaniuliza, "Mutwiri, una hakika?"

"Chifu, mimi ni mtu wa mbegu!"

Akasema anakuja na askari wa msitu. Akasema pia, na hili nalikumbuka vizuri, nisiguse kitu. Lakini hapo shetani alikuwa ameshaniingia. Nikawaza, je, wenye shamba wakitokea kabla ya chifu, wang'oe kila kitu watoroke? Ushahidi lazima niwe nao mkononi. Nikang'oa mmoja. Nikang'oa wa pili. Njeru akakohoa. Nikafika wa tisa. Nikasimama na huo mzigo kifuani kama mtu aliyetoka kukatia ng'ombe nyasi, wageni wakatoa simu wakanipiga picha. Na mimi nikatabasamu! Ndiyo, kwenye hizo picha natabasamu.

Baada ya kama nusu saa chifu akafika, anahema, na askari wawili. Nyuma yao, polepole, akiwa na kopo la kunyunyizia maji, Mwalimu Kanyua mwenyewe.

"Mwalimu!" nikaita. "Umekuja wakati mzuri! Njoo uone, nimewapata!"

Akaniangalia. Akaangalia mzigo wangu. Kopo likamtoka mkononi.

"Mutwiri, ni nini hicho umeshika?"

"Bangi, Mwalimu."

"Uuuwi! Watoto wangu!"

Akaninyang'anya mche mmoja, akaupangusa mzizi kwa kidole kama anayempangusa mtoto makamasi. "Huu ni muuru. Muuru, Mutwiri, mti wa mbao wa huku kwetu Meru! Miaka miwili nimehangaika na hizi mbegu. Zinakataa kuota, mpaka nilikuwa naziombea. Kiangazi chote nimepanda huu mlima na kopo. Iko arobaini tu. Nimeileta huku nyuma ya kichaka ili mbuzi wasiione, na ninyi nyote niliwaambia kwa grupu. Hata picha niliweka!"

Nikatoa simu. Grupu letu nimelinyamazisha tangu mwaka jana. Nikapekua. Picha hii hapa, Mwalimu amechuchumaa katikati ya miche, anacheka. Na chini ya picha, kidole gumba changu. Nilimpongeza bila kusoma!

Chifu akapangusa jasho. "Mutwiri, kitanda cha babu yako ni cha mti gani?"

"Muuru, Chifu."

"Na viti vya kanisani kwenu?"

"Muuru."

"Na wewe ni Mmeru wa wapi?"

Nikashusha kofia hadi machoni. Askari mmoja akageuka akaangalia mawingu, mabega yanatikisika.

Mama Wawira akanigusa mkono kwa huruma. "Mimi niliona ni muuru, hata kwetu Embu tunao. Lakini kiongozi akisema ni bangi, mgeni utasema nini?"

Mama! Ungesema hivyo hivyo! Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na kofia yangu. Lakini nilipomwona Mwalimu amepiga magoti akiokota miche mmoja mmoja, hata aibu yangu ikaonekana ni ndogo. Nilimhurumia. Nikapiga magoti kando yake, nikasema, "Nisamehe, Mwalimu. Niambie tu nifanye nini."

"Chimba," akasema.

Nikachimba, kwa mikono. Koti langu likaloweshwa kijitoni, likafunika mizizi isikauke. Mwalimu akapunguza majani nusu ili mche usilemewe. Wageni wakapokezana kuleta maji, na chifu naye akavua viatu, akashika kopo. Halafu bila kuambiwa, kwaya ikaanza kuimba pambio. Njeru alipiga besi mpaka nikahisi udongo unatetemeka. Miche minane ikasimama. Wa tisa ukalala upande, tukaufungia kijiti.

Maporomoko hatukuyaona. Chakula tulikula palepale. Nikajua kazi imeenda, nikaanza kufikiria nitamuuzia nani kofia. Mama Wawira akamimina chai, akasema, "Mwalimu, usimfukuze huyu. Tumekuja kutembea tu, na tumepanda miti, tumeimba, tumemwona chifu bila viatu. Na bangi tumejua inafanana aje."

"Haifanani hivyo," Njeru akasema, kisha akajuta.

Mwalimu akacheka hadi akashika mbavu. Akanigeukia. "Nilisema ukiwarudisha wakiwa wazima na wamejifunza kitu, kazi ni yako. Mimi silambi matapishi yangu. Lakini kila Jumamosi, kabla ya wageni, saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa na hili kopo. Utaninyweshea hii miche mpaka mvua inyeshe."

Kwa hivyo nipongezeni, mimi ndiye kiongozi. Karibuni nyote. Ila mkifika nyuma ya kile kichaka, tafadhali msicheke kwa sauti. Miche thelathini na tisa inaendelea vizuri, lakini mmoja bado uko mahututi.