Daraja la Kuingilia Gauni

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Harusi ya binti yangu Jacklyne ni Jumamosi na gauni langu la sare halifungi! Zipu imegoma kiunoni. Kosa la Peres. Mama mzazi wa bwana harusi, kutwa kujisifu hajanenepa tangu usichana, na siku ya vipimo alisimama pale kwa fundi, masikio wazi. Ningetaja kiuno changu mbele yake? Nikamnyang'anya fundi Mwongeli tepu, nikasema inchi thelathini na mbili. Mwongeli akauliza, mama, una hakika? Shona, nikamwambia. Sasa kitambaa kimeisha. Nikipasuka mbele ya watu, mtoto wangu ataficha wapi uso?

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwuliza Deepa, daktari wa viungo, mwenye kliniki ninayofagia Parklands. Kanilaza chali, magoti juu, inua nyonga. Eti hilo ni daraja. Rahisi! Mapaja yanafanya kazi, tumbo limepumzika. Akasema nyoosha mguu mmoja. Wee! Kiuno kikataka kupinduka, tumbo likakaza kama ngoma kukizuia. Akasema miguu ikiwa juu ya mpira, tumbo linatoa jasho zaidi. Akaongeza kwamba hii inatia misuli nguvu, mafuta haiyeyushi. Hapo sikusikiliza sana.

Jumatano, 6 Agosti
Mpira sina. Nimelaza mtungi wa gesi, ule mtupu, nikaweka miguu. Ukabingirika mpaka mlangoni, nami nyuma yake! Mume wangu Lazarus akaingia. Akauliza kama uchungu umenianza na yeye babake hajaambiwa. Nimesema ni maombi.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumbo limekuwa gumu! Ila liko palepale. Nikilikaza nisipumue, zipu inapanda. Basi kesho sipumui.

Jumamosi, 9 Agosti
Kanisani nilishinda. Peres naye wima kama mlingoti, hacheki. Ananidharau, nikajua. Ikaja keki. Jacklyne wangu akapiga magoti kunilisha, akaninong'oneza, mum, pumua, unaniogopesha. Machozi! Nikapumua. Krrr!
Aliyenifunika leso ni Peres. Kanivuta nyuma ya hema, akageuka: mgongo mzima pini! Akasema, dadangu, ulipotaja thelathini na mbili, mimi ningesema nini? Tulicheka mpaka pini zikaruka.

Jumatatu, 11 Agosti
Sare mpya, za kuwatembelea maharusi. Tumeapa mbele ya Mwongeli: ukweli mtupu. Peres akatangulia. Thelathini na moja! Mwongo yule! Nikasema thelathini.
Mtungi nimeufunga kamba kwenye mguu wa meza. Safari hii hautoroki.