Kamati Iliyothibitisha Kwamba Bondeni Hakuna Mtu

Ndugu wasomaji, kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mimi sipo. Nilikoma kuwepo siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kwa kauli moja ya wajumbe, na mhuri ukapigwa. Pamoja nami wamekoma shemeji yangu mwashi, wajukuu wangu wanne, na kaya nyingine kumi na mbili za bondeni. Namshukuru Mungu kwa yote.

Nieleze kwa utaratibu. Juu yetu kuna bwawa, mali ya mtu mmoja tunayemwita Bwana Mawimbi. Alikinga kijito kwa ukuta wa udongo, maji yakajaa, likawa ziwa la starehe lenye boti za kukanyaga kwa miguu, viti vya kulalia na miavuli. Mimi hupika chai kwenye klabu yake ya hapo ziwani tangu marehemu mume wangu aliponitangulia.

Chini ya ukuta pana mahali panapovuja. Zamani yalitoka maji safi, tukachota. Mwaka huu yakaanza kutoka na rangi ya chai ya maziwa. Sikusoma sana, lakini najua maji yakitoka na udongo, udongo huo umebanduka mahali. Kila asubuhi baada ya sala nilikinga chupa moja, nikaiacha itulie. Tope lililotuama lilikuwa nusu kidole, kisha kidole, kisha viwili. Chupa nikaipeleka ofisini. Serikali, ambayo haipuuzi mnyonge, ikaunda Kamati ya Kuthibitisha Uwepo wa Watu Chini ya Ukuta.

Sheria iko wazi. Bwawa lenye watu chini yake ni la Daraja la Kwanza: maji yapunguzwe, ukuta ukarabatiwe. Lisilo na watu ni la Daraja la Tatu, na halina shida. Kukarabati ukuta ni kazi ya miezi. Kuondoa watu kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye hekima huanza na lililo jepesi.

Ukaguzi ulifanyika kwenye baraza ya klabu, kwa darubini. Mwenyekiti alikaa. Injinia alisimama.

"Naona mabati, Mheshimiwa."

"Bati si mtu."

"Naona nguo zimeanikwa."

"Zina mtu ndani?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi ni nguo. Endelea."

Injinia akashusha darubini, akaniona na birika langu. "Lakini huyu mama anakaa huko chini. Si ndiye aliyeleta chupa?"

Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. "Mama, sasa hivi uko juu au uko chini?"

"Niko juu, baba."

"Andika: amekutwa juu."

Tangazo kwamba bondeni hakuna mtu likabandikwa kwenye kibanda cha mlinzi wa bwawa. Bwana Mawimbi naye, kwa kuwa chini hakuna wa kudhurika, akaziba mfereji wa kupunguzia maji kwa magunia ya mchanga, safu tatu, ili ziwa lijae na boti kubwa ipate kuelea. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Nikamweleza shemeji.

"Kumbe mimi ni maiti?" akauliza.

"Maiti huandikwa, shemeji. Wewe hata kuandikwa hukuandikwa."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi heri yangu! Asiyekuwepo nani atamshtaki?"

Sikucheka. Asubuhi ya Ijumaa chupa ilikuwa na vidole vinne, na wajukuu wangu hulala kitanda kimoja, upande wa ukuta wa bwawa.

Jumamosi, mchana kweupe, kaya zote tukapanda na majembe. Tukatoa gunia la juu kwanza, kisha la pili, polepole. "Maji ni kama mkwe," shemeji alituonya. "Huyafukuzi. Unayasindikiza."

Mlinzi akaja mbio. "Nyie akina nani?"

"Soma tangazo lako," akajibiwa.

Alisoma, akajikuna kisogo, akasoma tena. Ni mtu mwaminifu kazini. Akafungua daftari lake, akaandika: Hali shwari. Hakuna mtu. Kisha akasogeza kiti chake tupitishe magunia.

Kufikia Jumatatu ziwa lilikuwa limeshuka kimo cha mtu mzima. Boti zilikaa topeni kama bata waliosusa. Na pale chini ya ukuta palitoka maji machache, safi. Nilipiga magoti papo hapo.

Bwana Mawimbi akaenda mahakamani. Hakimu akamwuliza Mwenyekiti nani alifumua mfereji.

"Watu wa bondeni, Mheshimiwa."

Hakimu akafungua faili. "Umeapa hapa kwamba hakuna watu bondeni. Daftari la mlinzi nalo linasema hakuna mtu. Mwezi huu, waliothibitishwa kufika bwawani ni akina nani?"

"Ni... ni kamati."

"Basi kamati ndiyo iliyofumua. Kama siyo, uliapa uongo. Nakupa siku tatu uchague: kamati ilipe hasara, au ulete hesabu mpya ya watu."

Siku ya pili Mwenyekiti alishuka bondeni kwa miguu, gari limekwama, suruali imejaa tope hadi magotini. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage.

"Hodi, mama."

"Hakuna mtu!" shemeji akaitikia kutoka ndani.

"Mama yangu, nawaombeni. Kubalini kuwepo."

"Hivi hivi haiwezekani, baba. Kuwepo kuna utaratibu wake. Andika kwanza bwawa hili ni la daraja gani."

Akakaa kwenye kigoda changu, karatasi juu ya goti, akaandika: Daraja la Kwanza, maji yasipande tena mpaka ukuta ukarabatiwe. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Nikamwambia asome tena, masikio yangu ni ya kizee. Akasoma tena, akapiga mhuri.

"Sasa niwahesabu?"

"Bado. Wajukuu wako shuleni, na bila wao hesabu haitatimia. Kunja mikono ya shati unisaidie."

Nikamsogezea ungo. Mwenyekiti akachambua kwa bidii, kichwa chini, mpaka shemeji alipokuja kumchungulia begani.

"Mheshimiwa," akasema, "hilo ni jiwe. Hebu tazama vizuri."