Babu Ahamishiwe Kundi la Wanaokaa

Mbooni,
9 Agosti 1996.

Kwa Daktari Mkuu wa Utafiti wa Mazoezi,

Mheshimiwa,

Kwa heshima nyingi naomba kulalamika. Babu yangu, Mzee Kiema, ana saratani ya tezi dume. Katika utafiti wenu kundi moja la wagonjwa hutembea haraka kila asubuhi, na jingine huendelea na maisha kama kawaida. Babu aliangukia kundi la kutembea. Mimi nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu ni likizo na nilionekana nimekaa tu. Nilikuwa nasoma.

1. Hapa kwetu mtu hapiti bila kuulizwa anakoenda. Babu hujibu, "Siendi popote." Watu wakaona anaficha jambo. Jirani yetu, Mama Nthenya, alinivuta kando akaniuliza kama tunauza shamba. Mimi ni mtu wa aibu, Daktari. Nilisema ndiyo ili aniachilie.

2. Ili maswali yaishe, Babu akaanza kubeba jembe. Sasa, mzee anayepanda mlima mbiombio alfajiri na jembe begani ana maana moja tu: kuna kaburi la kuchimbwa. Wanaume watatu walichukua majembe yao wakatufuata hadi juu, kwa huruma, bila kuuliza. Huko juu tukageuka. Nao wakageuka.

3. Hatujavua viatu, akina mama wa kanisa wakafika na kuni na unga. Kwa kuwa wote wanajua Babu ni mgonjwa, walianza kuimba wimbo wa maombolezo tangu langoni. Marehemu mwenyewe akawafungulia mlango, akauliza, "Nani ametuacha?" Wakageuza wimbo kuwa wa shukrani. Walikunywa chai yetu yote, na unga wakarudi nao.

4. Nguvu zimemzidi. Juzi alipanda paa kuziba mabati, nami nikashikilia ngazi badala ya kitabu.

Kwa hayo, naomba ahamishiwe kundi la kukaa. Kiti chake kipo karibu na dirisha, na akiwa hapo najua pa kumpata.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule wa mizani ambaye Babu anasema ana mikono baridi. Bibi yangu, Ndinda, anawasalimu, na wale wa majembe pia.

Wako mtiifu,
Kavata Mulei,
Kidato cha Tatu.

Tanbihi: Leo asubuhi, kwenye mwinuko wa kanisa, Babu alifika juu kabla yangu, akaketi kwenye jiwe kunisubiri. Tangu augue, mimi ndiye niliyekuwa nikimsubiri. Tafadhali usimhamishe. Muuguzi alisema utafiti unaisha Desemba. Kama kuna njia ya kuurefusha, jembe nitabeba mimi.