Ukuta Uliopanda Bila Amri ya Mnyapara

Kwako Bwana Mchungaji, uliyenipa unyapara wa kujenga kanisa hapa Makwale,

Ndaga fijo, asante sana, kwa heshima hiyo. Hukukosea kunichagua: mimi nimefika Daressalam, nimepanda meli ya moshi, na Kijerumani nakijua maneno tisa, saba ya kufokea watu. Lakini kazi imeniharibikia, yaani inakwenda vizuri mno. Yasome mashtaka yangu.

1. Wanawake hupokezana udongo kwa mstari kutoka mtoni, na katikati yumo Damari, mke wa mwanangu. Kwa mila yetu mkwe hamtazami baba mkwe. Kila nikitokea kuamuru, anatupa kapu na kukimbilia migombani. Mstari unakatika, wanaume juu ya ukuta wanabaki mikono mitupu. Sasa wameniomba, kwa adabu nyingi, nisimamie nikiwa nyuma ya migomba. Huko naona migomba tu.

2. Tangu hapo wanaulizana wao kwa wao. Juzi Tuntufye, mkanyaga udongo, alimwambia mzee Asajile kwamba safu yake ya matofali imepinda. Nikangoja ngumi. Wapi! Mzee akashukuru, akaibomoa, akaipanga upya. Nikapaza sauti kutoka migombani: nani kaamuru? Wakajibu, "Ukuta, baba!" Watu wakishukuru kwa kukosolewa, mnyapara atakula wapi?

3. Wanacheka. Nilipokuwa mbele yao hakucheka mtu, na kwa juma zima tulipanga safu moja, tena ya huzuni. Sasa wamefika kwenye paa wakicheka hivyo hivyo. Kanisa la namna hiyo litasalika kweli?

Kwa hiyo naomba amri: kila safu iliyopanda bila macho yangu ibomolewe, tuanze upya kwa heshima. Najua mvua ziko karibu, na matofali mabichi yasiyoezekwa yatarudi kuwa tope. Lakini heri tope lenye utii kuliko ukuta wenye kiburi.

Msalimie mama, wapishi wote, na yule punda wako mkorofi.

Ni mimi, jicho lako huku,
Hezroni Ambokile, Mnyapara

Nyongeza: Mawingu yameshaifunika milima ya Ukinga, na nyasi zimeezekwa upande mmoja tu. Barua hii naileta mwenyewe, kwa njia ndefu ya Busale. Nikifika, tafadhali usinirudishe upesi. Nipe ugali, nihubirie hata siku mbili, mpaka wamalize.